Sepsisi: Usingoje Kupambazuke

Kidonda kilichooza, nimonia, au maambukizi baada ya kujifungua yanaweza kuleta sepsisi. Hapo mwili, ukipambana na maambukizi, huanza kudhuru viungo vyake wenyewe, kama vile figo, mapafu na moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2017 watu milioni 49 waliugua sepsisi na milioni 11 wakafariki.

Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja iwapo anapumua kwa kasi, amechanganyikiwa, mwili umekuwa baridi au hakojoi. Mtoto mchanga hukataa kunyonya na kulegea.

Katika idara ya dharura, wahudumu hupima presha, joto na oksijeni, kisha hutoa damu ya kupimwa. Mgonjwa aliyezidiwa anafaa kudungwa antibiotiki kwenye mshipa ndani ya saa moja. Chanzo pia hushughulikiwa, mathalani jipu kukamuliwa usaha.

Wazazi wengine hulalamika dripu ya mtoto inapotiririka polepole. Hajapuuzwa. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2011, ulionyesha kuwa kuwapa watoto wenye homa kali maji mengi kwa haraka kuliongeza vifo.

Kumbuka, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Basi usikae nyumbani ukisaka pesa kwanza. Ukifika, uliza waziwazi: "Je, hii yaweza kuwa sepsisi?"