Eapoti kwa Coaster

Kutoka Feri hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere ni kama kilomita 12. Je, wajua kwamba safari hiyo fupi imejaa Japani?

Anza na pua. Soko la samaki la Feri, pamoja na kelele zake zote za mnada, lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa tazama barabarani: Hiace na Coaster. Nyingi zilizeekea Japani kwanza, ndipo zikapakiwa melini. Zinatufaa kwa sababu Wajapani nao hupita kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto, upande wa kituo. Basi la nchi inayopita kulia lingetushusha katikati ya magari. Baadhi bado zina maandishi ya Kijapani ubavuni, ambayo dereva hayasomi wala konda. Huenda Coaster uliyopanda iliwahi kupeleka wageni wa hoteli kwenye kiwanja kidogo cha ndege mkoani huko, kwa ratiba ya dakika. Hapa ratiba ni gari kujaa.

Kwa eapoti, panda ya Gongo la Mboto. Ukifika Tazara, Barabara ya Nyerere inakutana na ya Mandela, ambayo hubeba malori ya bandarini. Foleni ya pale ilikuwa ikila muda mrefu kuliko ndege ya kwenda Unguja, ambayo huruka kama dakika 20 tu. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la juu, kwa fedha za Japani tena, likapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa bosi wa Tanroads. Anayekwenda eapoti anapita juu. Malori yanabaki chini yakigombana.

Kwenye majengo ya eapoti yenyewe Wajapani wanatuacha. Jengo la pili, la mwaka 1984, lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule wa Charles de Gaulle kule Paris. La tatu lilijengwa na kampuni ya Kiholanzi, likafunguliwa Agosti 2019, na limepimwa kwa abiria milioni 6 kwa mwaka.

Ila daladala haiingii ndani. Konda anauliza, “Eapoti wapo?” Sema “Shusha!” mapema, kisha utabaki barabarani na begi lako, ukitafuta bodaboda, huku Coaster ikiendelea Gongo la Mboto na maandishi yake.