Hankou na Chuma cha Hanyang

Katika nchi ya China uko mto mkubwa uitwao Yangtze, na mahali ambapo mto Han huingia ndani yake imejengwa miji mitatu yenye kuelekeana: Hankou, Hanyang na Wuchang. Siku hizi yote ni mji mmoja, nao huitwa Wuhan. Toka huko mpaka baharini ni maili zipatazo 600 kwa kufuata mto. Walakini zamani, maji yalipojaa, hata merikebu za baharini zilipanda mpaka Hankou.

Mwaka 1861 bandari hiyo ilifunguliwa kwa wafanya biashara wa kigeni, kwa mapatano ambayo China ililazimishwa kuyakubali vitani. Bidhaa kubwa ilikuwa chai. Warusi walijenga viwanda vya kuishindilia chai katika kalibu ikawa kama matofali, ikapelekwa Siberia na Mongolia. Na huko Mongolia watu waliyatumia matofali hayo hata badala ya fedha.

Mwaka 1889 alikuja liwali mkuu jina lake Zhang Zhidong. Yeye alitaka China ijitengenezee vyuma vya reli, isivinunue Ulaya. Akajenga kiwanda Hanyang, kikaanza kuyeyusha chuma mwaka 1894, yaani miaka saba kabla ya kile kikubwa cha Yawata, Japani.

Husimuliwa kwamba mafundi wa Uingereza walimwomba kwanza mawe ya chuma na makaa ili wayapime, wapate kujua ni tanuri gani litafaa. Naye akajibu kuwa China ni nchi kubwa, haiwezi kukosa kitu, basi walete matanuri kama yale wanayotumia kwao. Wakaleta. Kumbe mawe ya Daye, yaliyochimbwa upande wa chini wa mto, yalikuwa na fosfori, na fosfori ikibaki katika chuma cha pua hukifanya kivunjike upesi kama kigae. Ili kuiondoa hutakiwa tanuri lililojengewa ndani kwa mawe yenye asili ya chokaa, na yale hayakuwa hivyo. Vyuma vya reli vikatoka vibovu. Tena makaa yaliyofaa hayakuwapo karibu. Yakanunuliwa mbali kwa bei ghali, mpaka machimbo ya Pingxiang yalipofunguliwa mwaka 1898.

Si haki kumcheka Zhang, maana wakati ule wengi wa wakubwa wenziwe hawakujaribu neno lo lote. Lakini hasara yake ilikuwa ya kweli. Mwaka 1896 serikali ilikabidhi kiwanda kwa wafanya biashara. Hao wakajenga matanuri mapya yaliyofaa, wakapata chuma kizuri. Ila fedha nyingi walizikopa kwa Wajapani, na deni likalipwa kwa mawe ya chuma. Hivyo mali ya Daye ikalisha matanuri ya Yawata, na katika miaka ya 1920 yale ya Hanyang yakazimika. Mwaka 1938, majeshi ya Japani yalipokaribia, mitambo ilifunguliwa ikapelekwa Chongqing, juu ya mto.

Reli ya kutoka Beijing ilifika Hankou mwaka 1906, ikakomea ukingoni. Daraja la kuvuka Yangtze, la kwanza katika mto huo, lilifunguliwa mwaka 1957. Mwaka uliofuata kiwanda kipya cha chuma kilianza kazi upande wa Wuchang, na mawe yake yalitoka kule kule Daye.