Msitu kwa Kasi ya Mkimbiaji

Katika orientiringi, mkimbiaji hukabidhiwa ramani na dira, kisha hujitafutia mwenyewe njia ya kuvifikia vituo vilivyotawanywa msituni. Zamani mchoraji wa ramani hizo alianza na picha za angani. Leo nchini Finland huanza na faili: Mei 2012 mamlaka ya taifa ya upimaji ardhi ilifungua hifadhidata yake ya mandhari, na yeyote anaichukua bure.

Data hizo ni za vekta, yaani kila kitu kimehifadhiwa kama nukta, mstari au eneo, pamoja na msimbo unaokitambulisha. Programu kama OCAD au OpenOrienteering Mapper husoma jedwali linalooanisha kila msimbo na alama iliyowekwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Dakika chache baadaye ukurasa mtupu umejaa maziwa, barabara na nyumba. Wapo wanaoishia hapo na kuiita ramani.

Kikwazo cha kwanza ni kaskazini. Dira hutii sumaku, na mjini Helsinki sumaku hupotoka kutoka kaskazini halisi kwa zaidi ya digrii 8. Asiyeizungusha ramani humpeleka mkimbiaji mita 70 pembeni katika kila mita 500.

Kisha kuna nafasi. Kwa skeli ya 1:15,000, milimita 1 ni mita 15, na alama ndogo kabisa ya nyumba, nusu milimita, inafunika mita 7.5. Kibanda cha mita 3 ama kikuzwe ama kifutwe. Njia, mtaro na uzio vikifuatana bega kwa bega, alama zake hupandana, hivyo kimojawapo husogezwa au huachwa. Kompyuta huweka kila kitu mahali pake hasa. Ndiyo kasoro yake.

Kubwa zaidi ni uoto. Hifadhidata inajua kwamba msitu upo, haijui kama unapitika. Kwenye ramani hii rangi ni kasi: nyeupe ni msitu unaoruhusu angalau asilimia 80 ya mwendo wa kawaida, kijani hafifu ni asilimia 60 hadi 80, na kijani kilichokolea kabisa ni chini ya 20. Lida, miale ya leza inayorushwa kutoka kwenye ndege, hutoa kontua safi, na programu ya Karttapullautin hukisia kijani kwa kuhesabu miale iliyogonga majani kabla ya kufika chini. Hesabu hiyo haina habari ya miti iliyoangushwa na upepo baada ya ndege kupita.

Kwa hiyo mchoraji bado huvaa buti. Jiwe lenye kimo cha mita 1 lina haki ya kuchorwa, lakini likiwa katikati ya mawe mengine mia huachwa, kwa kuwa anayepita mbio hatalitofautisha. La kubaki huchaguliwa na aliyesimama mbele yake, soksi zimelowa.