Kuteleza si kuanguka? Muulize bibi yangu!

Roho inanisuta. Wiki hii sina habari za mapenzi wala mitindo ya nywele. Nataka tuongee habari za sakafu. Usicheke!

Nyumba yetu hapa Karatu ni ya zamani, na sebule yake imetandikwa mbao. Mwezi wa saba wageni wa posa ya dada walikuwa wanakuja Jumapili, nami nikajifanya mtaalamu. Nilipaka polishi mara tatu, nikasugua kwa blanketi kuukuu mpaka ukiinama unaona meno yako. Mshikaji wangu akasema hata hoteli za kule kreta zinasubiri. Kichwa kikavimba!

Jumamosi alfajiri bibi akaamka akawashe moto. Baridi ya huku unaijua. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko miguuni pake. Basi bibi alivaa soksi za sufu. Hatua ya kwanza, ya pili, puu!

"Mjukuu wangu," akaniuliza akiwa pale chini, "umekaangia chapati humu ndani?"

Nikacheka. Halafu nikaona kifundo cha mkono kimevimba, kicheko kikaniishia. Hospitali wakasema mfupa umevunjika, akafungwa hogo. Posa tuliipokea bibi akiwa na mkono shingoni, na mshenga naye alipoingia nusura apige mwereka!

Hogo limeshatolewa, lakini mpaka leo bibi anatembea akishika ukuta. "Siogopi kuanguka," aliniambia. "Naogopa kuwa mzigo." Maneno hayo yalinichoma, nikamfuata fundi seremala.

Akanieleza kwamba kosa lilikuwa langu. Polishi ikizidi hujaza vinyweleo vya mbao, mguu unakosa pa kushika. Ongeza soksi, umekwisha. Dawa yake ni kuitoa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, madirisha wazi, jiko na sigara mbali. Vitambaa vyenyewe vianike nje, usivirundike. Mafuta ya taa achana nayo: yanaacha utelezi na yanashika moto.

Kwenye ngazi na mlangoni, piga msasa kidogo, futa vumbi, paka vanishi. Koti la mwisho changanya na mchanga laini sana uliochekechwa na kukauka. Ukikanyaga, unasikia mguu umeshika.

Mkeka au zulia lisilotulia nalo ni mtego. Chukua tyubu kuukuu ya gari, kata vipande, gundisha chini yake kwenye pembe zote.

Halafu kuna hili vumbi letu jekundu. Likiwa kavu juu ya mbao linateleza kama unga, likilowa ni tope. Weka gunia mlangoni watu wafute miguu, fagia kila siku, na maji yakimwagika futa hapo hapo. Wazee wavae raba zenye meno badala ya soksi tupu, na usiku waachiwe taa njia ya kwenda chooni.

La mwisho, na hili si utani. Mzee akianguka akashindwa kusimama, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, usimvute kumwinua. Huenda nyonga imevunjika. Mfunike asipate baridi, tafuta gari, mpelekeni hospitali akiwa amelala.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Sawa, ila wao hawakupaka polishi mara tatu! Siku hizi sebule yetu haing'ai, lakini juzi bibi aliivuka bila kushika ukuta, akanitazama, akasema, "Sasa umekua."