Ukarabati wa Boti za Faiba: Kazi Huanza Kabla ya Rezini

Katika kata zetu za mwambao, boti za faiba zimekuwa tegemeo la wavuvi wengi, kwa kuwa ni nyepesi, haziozi wala hazitobolewi na wadudu wa baharini kama mbao. Hata hivyo, faiba hupasuka inapogonga mwamba au inapoburutwa mara kwa mara ufukweni. Ufa ukizibwa vibaya, maji hupenya kati ya matabaka, na kiraka huweza kubanduka chombo kikiwa mbali na nchi kavu, na watu wakiwamo.

Mara nyingi kiraka hubanduka si kwa uchache wa rezini, bali kwa maandalizi hafifu. Rezini haishiki juu ya chumvi, mafuta, rangi wala unyevu. Wamiliki wanashauriwa kufuata hatua hizi:

Kwanza, boti ipandishwe nchi kavu, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na iachwe ikauke kabisa.

Pili, sehemu yote iliyolegea iondolewe, kisha kingo zisagwe kwa msasa mpaka ziwe mteremko. Upana wa mteremko uwe takribani mara 12 ya unene wa faiba: penye unene wa milimita 5, milimita 60 kila upande. Hapo ndipo kiraka hupata pa kushika.

Tatu, rezini ya poliesta ichanganywe na kigumishi kwa kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Kigumishi kikizidi, mchanganyiko hupata joto kali na kupasuka, kikipungua, haukomai.

Nne, mkeka wa faiba ulazwe tabaka kwa tabaka na kukandamizwa kwa rola ili kutoa viputo vya hewa.

Hatua hizi hufaa pia kwa bodi za magari zilizotengenezwa kwa faiba. Lakini puti ya magari isitumike katika sehemu ya boti inayozama, kwani hunyonya maji.

Mvuke wa rezini hushika moto, vumbi la faiba hudhuru mapafu, na kigumishi huweza kupofusha. Kazi ifanyike mahali penye hewa, mbali na moto na watoto, kwa kuvaa barakoa, miwani na glavu.

Palipopasuka chini ya maji au karibu na injini, fundi mzoefu akague kabla ya safari. Siku moja zaidi ufukweni ni hasara ndogo.