Kabla Hujamwita Mtoto Mzembe

Kila aliyelea kichanga ameliona hili. Mlango ukibamizwa, mtoto anatupa mikono pande zote, vidole wazi, kisha anaikunja kifuani na kulia. Daktari Ernst Moro alilieleza mwaka 1918 akiwa Ujerumani, na hadi leo madaktari hulitaja kwa jina lake. Ni refleksi: mwili unajibu bila mtoto kuamua lolote. Kwa kawaida hufifia anapofikia miezi 6 hivi, ubongo unapoanza kushika usukani. Ikidumu sana, apelekwe hospitali, maana huweza kuwa dalili ya mtindio wa ubongo.

Wapo wanaoamini kuwa mabaki ya refleksi za uchanga kama hii humsumbua hata mtoto aliyeanza shule. Mwaka 2000 watafiti wa Belfast walichapisha kwamba watoto wenye shida ya kusoma waliofanyishwa mazoezi ya kuiga miondoko ya refleksi hizo walipiga hatua. Wataalamu wengine hawajaridhika, na mimi nisingemshauri mzazi atoe fedha kwa ajili ya tiba hiyo. Ila kwamba mtoto anahitaji mwili unaojua kujisawazisha, hilo halina ubishi, na ndipo tunapowaonea watoto wetu. Anayejikwaa kila mara au asiyetulia kwenye dawati tunamwita mzembe, na fimbo inafuata.

Hapa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, kipimo cha kujisawazisha hakihitaji mashine. Chora mstari mchangani, mtoto aukanyage kisigino kwa kidole. Kisha asimame kwa mguu mmoja, mikono kiunoni. Wengi wa miaka 5 hufikisha sekunde 10. Sasa mwambie afumbe macho. Utaona kifundo cha mguu kikihangaika, vidole vikiung'ang'ania mchanga, kwa sababu macho yamejitoa kazini na mzigo umebaki kwa nyayo, misuli na sikio la ndani.

Uwezo huo hujengwa kwa kurudia, na watoto wa pwani wanaurudia kila jioni kwenye rede, kuruka kamba na kutembea juu ya gogo la mnazi. Naumia ninapoona mtoto wa darasa la awali akinyimwa mapumziko ili amalize kunakili herufi.

Na yule anayeyumba kupita wenzake, mwalimu amtazame masikio, maana sikio nalo hubeba mzigo wa kusawazisha mwili. Likiwepo linalotoa usaha, mzazi aitwe siku hiyohiyo ampeleke zahanati.