Milima ya Usambara Ndani ya Karai

Ukisimama Mombo na kuinua macho upande wa Lushoto, waona ukuta wa mawe umepanda ghafula kutoka tambarare. Watu wengine hudhani kila mlima mrefu ulitokana na moto wa chini, kama Kilimanjaro. Usambara sivyo. Jaribu jambo hili pamoja na watoto wako.

Jaza karai mchanga uliolegea. Twaa udongo wa mfinyanzi wa rangi mbili, utandaze tabaka juu ya tabaka, unene wa vidole vinne, uuweke juu ya mchanga ule. Ukate kwa uzi mara mbili kwa mshazari, kipande cha kati kiwe chembamba juu na kipana chini. Kisha vitenge kidogo vipande vya pembeni na kuvikandamiza. Vitazama mchangani, na cha kati kitabaki juu. Huo ndio Usambara! Mawe yake, yenye umri wa miaka zaidi ya milioni 500, yalikatwa kwa nyufa kubwa. Pande moja zikashuka, nyingine zikabaki juu, hata vilele vingine vyapita mita 2,000. Bonde la Lwengera, litenganishalo Usambara ya Mashariki na ya Magharibi, ni kipande kilichoshuka.

Nani alivuta? Ganda la dunia limegawanyika mabamba makubwa yanayosogea daima. Hapa Afrika ya Mashariki mabamba mawili yanaachana milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua.

Sasa nyunyiza mchanga na udongo mkavu juu ya mlima wako, umwagie maji kwa kopo lililotobolewa. Maji yatachimba vijito na kuteremka mekundu. Rudia tena, lakini kwanza panga vijiti na majani kwa kukingama mteremko. Safari hii udongo mwingi utabaki.

Basi hapo pana neno kwetu sote tulimao milimani. Jiwe huchukua karne nyingi kuwa udongo wa kuoteshea mahindi, lakini masika moja yaweza kuuteremsha bondeni. Ulime matuta ya kukingama, wala usilime kufuata mteremko. Panda majani ya ng'ombe ukingoni mwa kila tuta, na miti mahali pa mteremko mkali. Mtoto aliyeona maji mekundu karaini hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini baba yake anachimba matuta.